Kifo Akiingia Jukwaani: Yupi wa Kumchagua?

Mwaka juzi kikundi chetu kidogo cha maigizo kilionyesha mchezo mfupi katika ukumbi mmoja wa Temeke, na mhusika aliyetugharimu fedha nyingi kuliko wote alikuwa Kifo. Tulimshonea joho jeusi lenye kofia pana ya kufunika uso, tukamnunulia kinyago cha fuvu Kariakoo, na kwa kuwa hatukupata popote ule mundu wa mpini mrefu unaoonekana katika picha za Ulaya, fundi seremala alituchongea mti na kuupigilia kipande cha bati kilichopindwa. Taa zilipofifia na Kifo akaingia kwa hatua za taratibu, mtoto mmoja aliyekaa safu ya mbele aliuliza kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Mama, huyo amekuja kufyeka nyasi?" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mgonjwa wetu, ambaye wakati huo alipaswa kuwa anakata roho, akaanza kutikisika chini ya shuka.

Mtoto yule hakukosea hata kidogo. Katika mashamba ya ngano ya Ulaya kifaa kile kilikuwa cha mavuno, na kila aliyekiona mikononi mwa mifupa alielewa papo hapo kwamba wanaovunwa ni watu, ilhali hapa kwetu mtu anayetembea na chuma kwenye mpini mrefu ni kibarua aliyekuja kusafisha uwanja wa shule. Tulikuwa tumeazima nguo ya Kifo wa watu wengine bila kuazima shamba lao. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwalinganisha Vifo wa mataifa mbalimbali kama mtu anayechagua mchezaji wa nafasi moja tu uwanjani, na haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya yeyote anayeandika tamthilia, hadithi, mchezo wa redio au katuni hapa Dar es Salaam, akafika mahali ambapo Kifo lazima apewe mwili na sauti. Nguo nimeziweka mwisho wa orodha ya vipimo vyangu. Ninaanza kwa kuuliza nani amemtuma, kama anaweza kushawishiwa, na kama watazamaji wetu wanamjua tayari na wanamjua kwa namna gani.

Kifo kimekuja, Kifo amekuja

Kabla ya kumweka yeyote kwenye mizani, mwandishi wa Kiswahili ana uamuzi mmoja ambao mwenzake wa Ulaya hana. Kwa Mfaransa na Mhispania neno la kifo ni la kike, na wachoraji wao mara nyingi wamemfanya mwanamke. Kwa Mjerumani neno hilo ni la kiume, na Kifo wake kwa kawaida ni mwanamume. Lugha yetu haina jinsia ya maneno, kwa hiyo haitusukumi upande wowote, lakini ina ngeli, na ngeli ndiyo inayotoa uhai au kuunyima. Tukisema "kifo kimemchukua" tunataja jambo lililotokea. Tukisema "Kifo amemchukua" kuna mtu amekwisha kuingia chumbani. Sarufi haivunjwi kwa kufanya hivyo, maana kiongozi, kijana, kipofu na hata kiboko wa mtoni wote wana umbo la ki- na wote huchukua upatanisho wa a-. Mauti ni mazito zaidi kuyageuza kuwa mtu, kwa sababu masikio yetu yamezoea "mauti yamemfika" na neno lenyewe lina harufu ya udi na mawaidha. Ajali, kwa maana yake ya zamani ya muda aliopangiwa mja, ilikuwa neno zuri sana, lakini mwandishi wa leo akiliandika, msomaji wa Mbagala atafikiria bodaboda.

Ninachopenda kufanya ni kubadilisha upatanisho mara moja tu, mahali panapouma. Mgonjwa anasema "nahisi kifo kinakaribia", daktari anasema "kifo hakina dawa", na kisha bibi aliyekaa kwenye mkeka, ambaye hajafungua kinywa tangu pazia lifunguliwe, anasema: "Ameshafika. Mpisheni kiti." Hakuna joho wala fuvu linaloweza kufanya kazi inayofanywa na ile a- moja.

Anayetumwa

Mhusika anayejulikana kuliko wote kwa watazamaji wetu ni malaika wa mauti. Kurani inamtaja kwa kazi yake katika Sura As-Sajda, aya ya 11, kuwa ndiye aliyewakilishwa kuwafisha watu, wala haimtaji kwa jina. Jina la Izraili, ambalo mitaani hutamkwa Israili au Ziraili, limetufikia kwa njia ya mapokeo, na wengi wetu tunamwita mtoa roho tu. Sifa yake kubwa kama mhusika, ambayo pia ni udhaifu wake kwa mwandishi, ni kwamba hana nia yake binafsi. Hachukii, halipizi kisasi, hapokei rushwa wala hachagui siku. Anayetaka kubishana naye hana budi kubishana na aliyemtuma, na hapo ugomvi unakuwa umehama jukwaani na kupanda mahali ambapo mwandishi mwenye busara hapandi.

Hata hivyo visa vyake ni vingi na vina mvuto mkubwa. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, malaika huyo alipomwendea Nabii Musa alipigwa kofi lililomtoa jicho, akarudi kwa Mola wake kusema kwamba ametumwa kwa mja asiyetaka kufa. Kisa kingine, ambacho mshairi Rumi alikisimulia katika karne ya 13, ni cha mtu aliyemkimbilia Nabii Sulaiman akitetemeka kwa sababu mtoa roho alikuwa amemtazama kwa jicho la ajabu. Akaomba upepo umpeleke India, na upepo ukampeleka. Baadaye Sulaiman alipomuuliza malaika kwa nini alimtisha yule maskini, malaika akajibu kwamba hakumtazama kwa ghadhabu bali kwa mshangao, kwa kuwa alikuwa ameamriwa kuitwaa roho yake India siku ile ile, naye akawa anamwona hapa. Kisa hicho kina kila kitu ambacho mtunzi anakihitaji: mkimbiaji, chombo cha usafiri na kosa linalofanywa kwa nia njema. Ukikihamishia kwetu, mtu akatoka Manzese kwa basi la usiku kwenda kujificha Kigoma, hakipungui hata punje.

Zipo pia riwaya zinazoeleza kwamba Siku ya Kiyama mauti yenyewe yataletwa kwa sura ya kondoo dume na kuchinjwa mbele ya watu wa Peponi na wa Motoni. Wakristo nao wana Ufunuo sura ya 6, ambamo Mauti amepanda farasi wa kijivujivu na Kuzimu anamfuata nyuma, na wana maneno ya Paulo kwa Wakorintho kwamba adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti. Hapa Kifo ni mtumwa au adui, na katika hali zote mbili hana neno la mwisho.

Je, achaguliwe? Katika masimulizi, ndiyo, na kwa moyo mkunjufu. Msimulizi akisema "mtoa roho akasimama kizingitini" hakuna haja ya maelezo zaidi. Kumvalisha mwigizaji mabawa na kumwita Ziraili ni jambo jingine. Waislamu wengi hawakubali malaika aigizwe, na sioni sababu ya mwandishi kuwaudhi nusu ya watazamaji wake kwa ajili ya manyoya ya kuku yaliyobandikwa kwa gundi. Jukwaani ni afadhali asionekane kabisa: waigizaji watazame mahali aliposimama, na mtazamaji atamvika mwenyewe sura aliyofundishwa madrasa.

Mwenye nguvu na mwenye nyumba

Wagiriki wa kale walimwita Thanatos, mwana wa Usiku na ndugu pacha wa Hypnos, yaani Usingizi. Mshairi wao Homer anawaonyesha mapacha hao wakiubeba mwili wa shujaa Sarpedon kutoka uwanja wa vita wa Troia na kuurudisha kwao Lykia, na picha hiyo imechorwa kwa upole mkubwa kwenye vyungu vya Ugiriki. Lakini Thanatos huyo huyo ndiye aliyelaghaiwa na Sisyphus akafungwa minyororo, watu wakaacha kufa mpaka Ares, mungu wa vita, ambaye bila vifo hana kazi, alipokwenda kumfungua. Katika tamthilia ya Euripides iliyochezwa Athens mwaka 438 kabla ya Kristo, Thanatos anakuja na upanga kumchukua Alkestis, mke aliyekubali kufa badala ya mumewe baada ya wazazi wazee wa mume kukataa, na shujaa Herakles anakwenda kumvizia kaburini na kumkaba mpaka amwachie mwanamke. Nilipowasimulia vijana wetu, hakuna aliyejali mieleka. Wote walitaka kusikia yule baba mzee alimjibu nini mwanawe alipoombwa kufa kwa niaba yake. Huyo ndiye Kifo wa kuchagua iwapo unataka purukushani, kwa kuwa anaweza kuzidiwa nguvu au akili. Tabia yake, hata hivyo, ni nyembamba, na hapa Dar es Salaam jina lake litahitaji maelezo ambayo yatakula dakika za mchezo. Cha kuazima kwake ni pacha wake, maana hata katika mawaidha yetu usingizi huitwa ndugu wa mauti.

Asichanganywe na Hades, ambaye ni mfalme wa kuzimu na hatoki kwenda kumchukua mtu mlangoni pake, wala na Charon, mwenye mtumbwi wa kuwavusha wafu kwa sarafu moja. Nimewahi kusoma miswada kadhaa ya vijana inayomhamishia Charon kwenye kivuko cha Kigamboni, na naelewa kishawishi chake, lakini tatizo ni kwamba abiria wa Kigamboni hurudi jioni na mifuko ya samaki.

Mwenye nyumba hasa ni Yama wa Wahindu, ambaye katika jiji hili hana ugeni mkubwa, kwa kuwa mahekalu ya Kisutu yamekuwapo tangu zamani. Yama amepanda nyati, mkononi ana kitanzi, na karani wake Chitragupta anaandika matendo ya kila mtu. Kinachomtofautisha na wengine wote ni adabu. Katika andiko lao la Katha Upanishad kijana Nachiketa anafika nyumbani kwa Yama wakati mwenyewe hayupo, analala huko siku tatu bila kula, na Yama akirudi anafedheheka kwa kumwacha mgeni na njaa, hivyo anampa maombi matatu, moja kwa kila usiku. Katika utenzi wao wa Mahabharata, Yama anamjia Satyavan msituni, anamvuta kutoka mwilini mwake mtu mdogo wa ukubwa wa kidole gumba, anamfunga kwa kitanzi na kuondoka naye. Savitri, mke wa marehemu, anamfuata nyuma hatua kwa hatua akizungumza naye kwa hekima, na Yama, akivutiwa na maneno yake, anamruhusu kuomba chochote isipokuwa uhai wa mumewe. Savitri anaomba baba mkwe wake aliyepofuka arudishiwe macho na ufalme, anaomba watoto mia kwa baba yake, kisha anaomba watoto mia wa kwake mwenyewe. Yama anakubali, na hapo tena hana jinsi, kwa kuwa mke mwaminifu hawezi kupata watoto mia bila mume.

Kwa mwandishi anayetaka majadiliano, simfahamu Kifo anayemshinda Yama. Herakles alihitaji misuli, Sisyphus alihitaji minyororo, Savitri alihitaji miguu ya kutembea na ulimi wa kusema. Watazamaji wa Pwani, waliokulia katika mafumbo na majibizano ya taarabu, wanamfurahia mwanamke anayeshinda kesi kwa kupanga maneno.

Kifo aliye ndugu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa naamini ndipo penye hazina kubwa kuliko zote kwa mtu anayeandika Afrika Mashariki.

Waganda wanasimulia kwamba Kintu, mtu wa kwanza, alimwoa Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Baba mkwe aliwaambia waondoke mapema na wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, kwa sababu Nambi ana kaka anayeitwa Walumbe, na Walumbe akijua atataka kufuatana nao. Wakiwa njiani ikakumbukwa kwamba ulezi, nafaka ya kuwalisha kuku, umesahaulika. Wasimulizi wengine husema Nambi ndiye aliyerudi, wengine husema Kintu. Vyovyote vile, aliyerudi alirudi na Walumbe nyuma yake. Wakaishi duniani, watoto wakazaliwa wengi, na siku moja Walumbe akaja kwa Kintu kuomba mtoto mmoja akamsaidie kupika. Kintu akakataa. Walumbe akaomba tena, akakataliwa tena, na watoto wakaanza kufa.

Tuitazame vizuri mizizi ya kisa hiki. Walumbe ni kifo, na kwa watoto wa Nambi ni mjomba. Hakuja na upanga wala kitanzi; amekuja na ombi ambalo kila familia ya Dar es Salaam imewahi kulisikia, la ndugu anayeomba apewe mtoto wa kukaa naye na kumsaidia kazi ndogondogo. Katika jamii za ukanda wetu zinazofuata ukoo wa mama, kama Waluguru, mjomba ni mtu ambaye neno lake kwa wapwa halipuuzwi, na shemeji anayemnyima mtoto anajua kwamba amevunja kitu. Kintu alikuwa na haki ya kukataa, Walumbe alikuwa na haki ya kukasirika, na kati ya haki hizo mbili ndipo mauti yalipoingia. Hakuna dhambi kubwa katika simulizi hiyo. Kuna ulezi wa kuku uliosahaulika na fadhila iliyonyimwa.

Na mwisho wake ni mzuri kwa jukwaa. Ggulu anamtuma ndugu mwingine, Kayikuuzi, amkamate Walumbe na kumrudisha. Watu wanaamriwa wafungie watoto ndani na asitokee wa kupiga kelele watakapomwona Walumbe. Kayikuuzi anamwinda mpaka anamtoa ardhini, anakaribia kumshika, ndipo watoto wachache waliokuwa nje wanamwona na kupiga ukelele. Walumbe anazama tena chini ya ardhi, na Kayikuuzi anachoka. Mashimo ya Ttanda, katika wilaya ya Mityana nchini Uganda, huonyeshwa hadi leo kuwa ndipo alipopitia. Fikiria ukumbi uliojaa watoto walioambiwa wakae kimya.

Mwenzake wa Ulaya ambaye anastahili kuwekwa naye bega kwa bega si yule wa mifupa, bali yule wa ngano ya Kijerumani iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812. Maskini mwenye watoto kumi na watatu anatafuta baba wa ubatizo kwa mtoto wa mwisho. Anamkataa Mungu kwa madai kwamba huwapa matajiri na kuwaacha maskini na njaa, anamkataa Shetani kwa kuwa ni mdanganyifu, anamkubali Kifo kwa kuwa huwatendea wote sawasawa. Mtoto akikua, Kifo anamfanya tabibu maarufu: akimwona Kifo amesimama kichwani pa mgonjwa, ampe dawa na atapona, akimwona miguuni, mgonjwa ni wa Kifo. Mfalme anaugua, Kifo yuko miguuni, na tabibu anamgeuza mgonjwa ili kichwa kiwe upande wa Kifo. Mara ya kwanza Kifo anamtishia kwa kidole. Tabibu akirudia kwa binti mfalme, Kifo anamshika mkono na kumshusha katika pango lenye mishumaa isiyohesabika, kila mshumaa uhai wa mtu, na kumwonyesha wake, kipande kidogo kinachokaribia kuzimika.

Wote wawili ni ndugu, lakini undugu wao unafanya kazi kwa njia tofauti. Baba wa ubatizo anatoa kwanza na kudai heshima baadaye, na hadithi yake ni ya mtu aliyetumia vibaya zawadi. Mjomba Walumbe anaomba kwanza, ananyimwa, kisha anachukua, na hadithi yake ni ya deni la ukoo. Baba wa ubatizo anasamehe mara moja; Walumbe, baada ya kunyimwa, hazungumzi tena na mtu. Kwa tamthilia ya hospitali, ambayo vijana wengi wa mjini wanapenda kuiandika, nisingesita kumchukua yule wa Grimm, kwa kuwa kitanda chenye magurudumu kinachogeuzwa na wauguzi wawili usiku wa manane ni picha ambayo haihitaji senti ya mapambo. Kwa hadithi ya familia, Walumbe hana mpinzani.

Kifo mcheshi

Mifupa ya Ulaya, tukiitendea haki, haikuzaliwa iwe ya kutisha tu. Baada ya tauni kubwa ya miaka ya 1347 hadi 1351, na hasa katika karne iliyofuata, wachoraji walianza kumwonyesha Kifo akicheza ngoma na watu wa kila cheo. Ukuta wa makaburi ya Watakatifu Wasio na Hatia mjini Paris ulichorwa ngoma hiyo katika miaka ya 1424 na 1425, papa na mfalme wakiwa wameshikwa mkono sawa na mkulima. Ilikuwa dhihaka kwa wakubwa. Dhihaka hiyo imebaki hai zaidi Mexico, ambako José Guadalupe Posada alichora fuvu lililovaa kofia ya kifahari ili kuwacheka waliojifanya Wazungu, na Diego Rivera akalivalisha mwili mzima katika mchoro wake wa ukutani wa mwaka 1947.

Haiti wana Baron Samedi, pepo wa wafu: suti nyeusi, kofia ndefu, miwani ya giza, chupa ya ramu, maneno ya matusi, na pamba puani. Mtazamaji wetu akiiona pamba ile hahitaji mkalimani. Baron akikataa kuchimba kaburi lako, hufi. Lakini yeye ni sehemu ya ibada ya watu walio hai, na kumfanya kikaragosi cha kuchekesha harusini ni utovu wa adabu uleule ninaoukataa kwa Ziraili.

Isitoshe, hatuna haja ya kwenda Haiti. Kwetu mtu anayefanya masihara mbele ya maiti bila kupigwa ni mtani. Nimewaona watani wakizuia jeneza mpaka walipwe, nikamwona mmoja akiwa amevaa koti la marehemu na kutembea kwa kuchechemea kama yeye, wafiwa wakicheka na machozi yakiwatoka. Wapo wanaoshuka kaburini na kugoma kutoka. Mtani si Kifo, lakini anajua njia zake zote, na mwandishi akimpa Kifo ulimi wa mtani atakuwa amepata mcheshi ambaye hakuna mtoto wa Temeke atakayemdhania kuwa mfyekaji.

Niseme pia kuhusu mchezo wa chesi, ambao filamu ya Ingmar Bergman ya mwaka 1957 iliufanya kuwa picha inayoigwa kila kona. Miswada inayoweka bao mahali pa chesi hunifikia kila mwaka. Ugumu wake ni kwamba chesi huchezwa kimya na watu wawili, ilhali bao la barazani lina washauri sita waliosimama, na Kifo atafundishwa kucheza kete zake mpaka akasirike. Anayeweza kuandika ugomvi huo aandike. Anayetaka ukimya wa kuogofya atafute kitu kingine.

Nani kwa kazi gani

Kwa redio na riwaya ningemfanya Kifo kuwa msimulizi, kama Markus Zusak alivyofanya katika riwaya yake ya mwaka 2005, kwa sababu akisema "mimi" swali la ngeli linafutika lenyewe: "nilimchukua" haina ki- wala a-. Kwa katuni, mifupa inatosha, mradi msanii asimpe mundu ule. Kwa mchezo wa mahakama au wa maneno makali, Yama. Kwa watoto wadogo, kisa cha Sulaiman kisimuliwe bila kuigizwa.

Sisi tulirudi ukumbini na Walumbe aliyebadilishwa jina. Ni mjomba kutoka bara, amevaa suti ya kijivu ya mtumba iliyopigwa pasi vizuri, na mkononi ana begi la safari ambalo halifunguliwi mchezo mzima. Gharama yake yote haikufika nusu ya lile joho. Anakaribishwa chai, anasifia watoto, anawaulizia mmoja mmoja kwa majina, kisha anamwambia shemeji yake kwamba nyumbani kwake hana mtu wa kumsaidia jikoni. Jambo lililotubishanisha wiki nzima ya mazoezi lilikuwa mlangoni: abishe hodi au asibishe? Mzee wa kikundi alishikilia kwamba kifo hakibishi hodi, kila mtu anajua hivyo. Mwigizaji mwenyewe akasema mjomba asiyebisha hodi si mjomba. Tulikubaliana asimame nje, aseme "Hodi wenyewe" mara moja kwa sauti ya chini, na aingie kabla mtu hajamwitikia.